Asilimia ya nini? Uwezekano kwa mwanafunzi wa uhandisi

Jumamosi moja ya masika, binti anayesomea uhandisi wa maji alikuja kwangu Tengeru na daftari lililolowa pembe. Tuliketi barazani, mvua ikigonga mabati kiasi cha kutulazimisha kupaza sauti. Akanipa shikamoo, akafunua ukurasa wenye mkasi mwekundu, akauliza kabla hata chai haijafika: "Mwalimu, kalkulasi nafaulu. Hii ndogo hivi naikosa kwa nini?"

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Kuna kifaa cha kupimia floraidi kwenye maji. Kisima kikiwa kibaya, kifaa hukigundua mara 95 katika 100. Kisima kikiwa kizuri, kifaa hukisingizia ubaya mara 10 katika 100. Katika eneo linalopimwa, visima 5 katika kila 100 ndivyo vibaya. Umepima kisima kimoja, kifaa kimesema kibaya. Kuna uwezekano gani kwamba ni kibaya kweli?

Aliandika 0.95. Habari ya visima 5 katika 100 aliiruka, akidhani imewekwa kupamba swali.

Sisi tunaoishi chini ya Meru hatuhitaji kuelezwa sana floraidi ni nini. Tunaiona kwenye meno ya kahawia ya majirani na ndugu zetu, na ikizidi kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji mengi ya upande huu wa mlima yanapita hapo. Kwa hiyo swali lile halikuwa mchezo wa darasani. Siku moja binti huyo atasimama mbele ya wanakijiji waliochangishana fedha za kuchimba, kifaa kikiwa kimesema kibaya, na wote watamtazama yeye. Akiamini ile 0.95 yake, atafunga visima vingi vizuri na akina mama watarudi kuchota mtoni.

Nimekaa na wanafunzi wa namna hii kwa miaka kadhaa, na nimefikia kuamini kwamba somo la uwezekano haliwashindi kwa hesabu. Hesabu zake za mwanzo ni kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Linawashinda kwa sababu wanabeba asilimia bila kuuliza ni asilimia ya nini.

Kumbuka shule ya msingi. Sehemu ina namba mbili: ya juu tuliiita kiasi, ya chini tukaiita asili. Lisikilize sasa neno asilimia lenyewe: asili, mia. Neno linakuambia kabisa kwamba chini ya namba hiyo kuna asili, yaani kuna kundi ambalo umehesabia ndani yake. Ukisema "95 katika 100" hujasema kitu bado, mpaka useme hao 100 ni akina nani. Katika swali la binti, wale 100 walikuwa visima vibaya. Lakini anayesimama kisimani na kifaa mkononi hajui kama kisima chake kimo katika kundi hilo. Ndicho hasa anachotafuta kujua. Anachojua ni kwamba yumo katika kundi jingine, la visima vilivyotajwa na kifaa kuwa vibaya. Asili yake ni hiyo, na ndani yake 95 ile haina mahali.

Kabla ya kulimaliza swali lake, niseme kidogo kuhusu neno uwezekano, maana lina mtego wake. Katika mazungumzo yetu, "uwezekano upo" maana yake ni kwamba jambo halijazuiwa. Inawezekana, basi. Katika somo hili neno hilohilo ni kipimo, kama urefu au uzito, na linadai kiasi gani. Kipimo chake huanzia 0, kwa jambo lisilotokea kamwe, na kuishia 1, kwa jambo lisilokosa kutokea. Mwanafunzi anayeleta jibu la 1.3 amepima urefu wa meza akapata hasi. Arudi nyuma kabla hajaendelea.

Watu wamecheza kamari tangu zamani, lakini barua zilizoanzisha hesabu hii kwa utaratibu ziliandikwa mwaka 1654, kati ya Wafaransa wawili, Pascal na Fermat, waliokuwa wakijadili namna ya kugawana dau la mchezo uliokatishwa njiani. Ilichukua karibu karne tatu hadi Mrusi Kolmogorov, mwaka 1933, alipoonyesha kwamba jengo zima linasimama juu ya kanuni chache sana. Uwezekano haupungui chini ya sifuri. Matokeo yote yakikusanywa, jumla ni 1. Na matukio yasiyoweza kutokea pamoja, uwezekano wa kutokea mojawapo ni jumla ya uwezekano wao. Mengine yote kwenye kitabu chako, hata yale yenye alama za kutisha, yametokana na hayo.

Chukua shilingi 500 ya sarafu, yenye Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Irushe mara mbili. Wengi watakuambia matokeo ni matatu: nyati wawili, nyati mmoja, hakuna nyati. Kisha watagawa kwa tatu na kukosea. Matokeo yenye uzito sawa ni manne, kwa sababu nyati-Karume na Karume-nyati ni njia mbili tofauti za kupata nyati mmoja. Kwa hiyo nyati wawili ni 1/4. Sasa nirushe mimi, nifunike, nikuambie tu kwamba angalau mmoja ni nyati. Uwezekano wa nyati wawili umekuwa ngapi? Yale manne yamebaki matatu, kwani Karume-Karume nimekwisha kuliondoa. Jibu ni 1/3. Sarafu hazikuguswa. Habari niliyokupa imepunguza asili kutoka 4 hadi 3, na hapo umeuona uwezekano wenye sharti, ambao vitabuni huandikwa P(A|B), yaani uwezekano wa A, B ikiwa imetokea.

Ule mstari uliosimama unatisha bure. Sisi tunao mdomoni kutwa nzima, unaitwa -ki-. "Mvua ikinyesha, vifodi vinachelewa." "Vifodi vikichelewa, ujue mvua imenyesha." Hakuna abiria wa vifodi, daladala zetu za Arusha, pale stendi ya Kilombero atakayekubali kwamba sentensi hizi mbili ni moja. Ya kwanza inaanza na siku za mvua na kutafuta uchelewaji ndani yake. Ya pili inaanza na siku za uchelewaji na kutafuta mvua. Tuchukulie umeandika kwa asubuhi 100: siku 30 zilikuwa za mvua, na katika hizo kifodi chako kilichelewa siku 24; siku 70 zilikuwa kavu, kikachelewa siku 14. Uwezekano wa kuchelewa ikinyesha ni 24 kwa 30, yaani 0.8. Uwezekano kwamba ilinyesha, kikichelewa, ni 24 kwa 38, kama 0.63. Juu ni 24 ileile. Chini kumebadilika.

Kinachonishangaza ni kwamba mwanafunzi huyuhuyu, anayejua kwa Kiswahili chake kwamba sentensi hizo ni mbili, akishika kalamu anaandika P(A|B) mahali pa P(B|A) bila kusita. Ushauri wangu ni soma alama kwa sauti na -ki- yake ndani. "Uwezekano wa kisima kuwa kibaya, kifaa kikisema kibaya." Mdomo utakusahihisha kabla ya mkono.

Turudi barazani. Nilimwambia binti aache kanuni kwanza, achore visima. Vingapi? Nikasema 2,000, ili tusipate nusu kisima. Katika kila 100 vibaya ni 5, kwa hiyo vibaya ni 100 na vizuri ni 1,900. Kifaa kinapita kwenye vile 100 vibaya na kugundua 95. Kinapita kwenye vile 1,900 vizuri na kusingizia 190. Aliposhusha 190 kwenye karatasi kalamu ilisimama. "Waliosingiziwa ni wengi kuliko waliokamatwa kweli?" Naam. Visima vizuri ni vingi mno hata kosa dogo la kifaa linazaa rundo. Jumla ya vilivyotajwa kuwa vibaya ni 285, na kati yao vibaya kweli ni 95. Gawanya: theluthi moja kamili. Kifaa kikisema kibaya katika eneo hilo, mara mbili katika tatu kinakosea, na bado ni kifaa kizuri.

Nikamwambia akirudie kifaa hichohicho katika eneo jingine, ambako visima 60 katika 100 ni vibaya. Sasa kati ya 2,000 vibaya ni 1,200, kifaa kinagundua 1,140. Vizuri ni 800, kinasingizia 80. Vilivyotajwa ni 1,220, na 1,140 kati yake ni vibaya kweli: asilimia 93. Namba za maeneo haya mawili ni zangu, za kufundishia tu, lakini tofauti ya namna hiyo ipo kweli kati ya kijiji na kijiji, na mhandisi anayehama na kifaa chake bila kuijua ardhi anayoiendea anahama na nusu ya kipimo.

Ukiisha kuchora visima hivyo mara tatu nne, ndipo kanuni ya Bayes ikubalike kuandikwa: P(kibaya|kimetajwa) ni sawa na P(kimetajwa|kibaya) mara P(kibaya), gawa kwa P(kimetajwa). Ni zile 95 juu na zile 285 chini, zimegawanywa zote kwa 2,000. Thomas Bayes alikuwa mchungaji huko Uingereza. Alifariki 1761 na insha yake ikachapishwa 1763. Wanafunzi wengi hukariri kanuni yake kama shairi la lugha wasiyoielewa. Naumia nikiona hivyo, kwa sababu aliyechora visima hana haja ya kuikariri.

Binti akauliza swali la akili, na hapa nilifurahi sana: "Si nipime mara ya pili?" Apime. Kifaa kikisema tena kibaya, wale 95 wanabaki kama 90, na wale 190 waliosingiziwa wanabaki 19. Sasa 90 katika 109, yaani asilimia 83 hivi. Kutoka theluthi moja hadi hapo kwa kipimo kimoja zaidi! Lakini hesabu hii tamu imejificha sharti zito: kwamba kosa la mara ya pili halina uhusiano na kosa la mara ya kwanza. Kama kifaa kilikosea kwa bahati mbaya, mkono ulitikisika au chupa haikusuuzwa, sawa. Kama kilikosea kwa sababu ya kitu kingine kilichoyeyuka ndani ya maji yaleyale, kitakosea tena na tena kwa uaminifu wote, na vipimo kumi vitakuwa sawa na kimoja. Dawa yake ni kupeleka chupa maabara, ikapimwe kwa njia nyingine kabisa.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika uhandisi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Tunafundishwa kwamba uwezekano wa mambo mawili kutokea pamoja hupatikana kwa kuzidisha. Kanuni kamili ni hii: uwezekano wa A na B ni uwezekano wa A, mara uwezekano wa B ikiwa A imetokea. Ule mkia, "ikiwa A imetokea", unaweza kuukata pale tu ambapo A haimgusi B. Hayo ndiyo matukio yasiyotegemeana. Wanafunzi hukata mkia kila mahali.

Tuseme mradi wa maji wa kijiji una pampu mbili, na kila moja, siku yoyote, ina uwezekano wa 0.1 wa kuwa mbovu. Ukizidisha, zote mbili kuwa mbovu siku moja ni 0.01. Siku tatu au nne kwa mwaka; unaandika ripoti na kulala usingizi. Lakini pampu zote mbili zinakula umeme wa nguzo moja. Tuchukulie umeme huo hukosekana siku 5 katika 100. Siku hizo pampu zote zimekufa pamoja, hakuna cha kuzidisha. Siku 95 zilizobaki, ile 0.01 inafanya kazi. Jumla ni 0.05 kuongeza 0.0095, karibu 0.06. Mara sita ya ulichoahidi! Pampu ya tatu juu ya umeme uleule haitasaidia karibu chochote, maana ile 0.05 haishuki hata ukifunga pampu kumi. Kinachosaidia ni chanzo kingine cha nguvu, kwa mfano sola, ili pampu zote zisife kifo kimoja.

Haya yameshaua watu. Julai 1989, ndege aina ya DC-10 ilianguka Sioux City, Marekani. Ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroliki ya kuiongoza, kila mmoja akiba ya mwenzake, na ukizidisha uwezekano wa yote mitatu kufa unapata namba ndogo mno. Feni ya injini ya mkiani ikapasuka, na vipande vyake vikaikata mitatu yote kwa mkupuo, kwa sababu mabomba yake yalipita karibu na injini hiyo. Zaidi ya watu 100 walifariki. Machi 2011 kwenye mtambo wa nyuklia wa Fukushima, Japani, majenereta ya akiba yalikuwepo mengi. Wimbi moja la tsunami likayafikia karibu yote. Akiba nyingi zilizowekwa mahali pamoja, kwa adui mmoja, ni akiba moja.

Jambo jingine hapohapo, nalo huwapotosha hata walimu vijana: kutotokea pamoja na kutotegemeana ni vitu viwili vilivyo mbali kabisa. Ukichomoa nondo moja kwenye rundo, haiwezi kuwa ya milimita 12 na ya milimita 16 kwa wakati mmoja. Matukio hayo hayatokei pamoja. Je, hayategemeani? Nikikuambia tu kwamba ni ya 12, uwezekano wa kuwa ya 16 umeanguka hadi sifuri. Huo ni utegemezi wa mwisho kabisa. Kipimo cha kutotegemeana ni kujiuliza: nikiambiwa A imetokea, namba yangu ya B inasogea? Ikisogea hata kidogo, mkia usikatwe.

Kwa vijana wanaobeti, neno moja tu kisha tuendelee. Mkeka wa mechi 10, kila timu uliyoichagua ikiwa na uwezekano wa 0.7 wa kushinda, na tuchukulie mechi hazitegemeani. Zidisha 0.7 kumi zenyewe kwa zenyewe: 0.028. Mikeka 3 hivi katika 100. Na timu iliyofungwa mechi tano mfululizo haidaiwi ushindi na mtu yeyote.

Sasa zege. Wa ujenzi wakifika sura ya wastani na mtawanyiko hulalamika kwamba ni takwimu za wachumi. Hebu njoo maabara ya zege uone.

Michemraba imepangwa ndani ya tangi la maji, kila mmoja na tarehe yake. Upande mmoja ni milimita 150. Ukifika siku ya 28 fundi anautoa, anaufuta, anaupima uzito, anauweka katikati ya sahani mbili za chuma na kuanza kukandamiza. Mchemraba ukivunjika kwenye megapaskali 25, yaani newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba, mshale utakuwa umepanda hadi kilonewtoni 562 na ushei, sawa na uzito wa zaidi ya tani 57 juu ya kitu unachoweza kukibeba kifuani. Unasikia mlio mkavu, pembe zinamong'onyoka, mshale unarudi. Unaandika namba. Unaweka mwingine, uliotoka siku ileile, mchanganyiko uleule, na namba ni nyingine. 27, 33, 30, 36, 29. Hakuna aliyekosea. Saruji, mchanga, kokoto na maji havikubali kutoa namba moja, na hapo ndipo uhandisi unapoihitaji hesabu ya uwezekano.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea majibu yenye wastani wa 25 kamili, uso unang'aa: zege la 25, wastani 25, tumefaulu. Nikamuuliza asili. Ukiwa na wastani wa 25, na namba zimetawanyika kwa usawa pande mbili, zege lako lililo chini ya 25 ni kiasi gani? Alifikiri, akasema polepole: nusu. Nusu ya nguzo za jengo.

Zege la 25 halina maana ya wastani wa 25. Maana yake ni kwamba sehemu isiyozidi 5 katika 100 ndiyo iruhusiwe kushuka chini ya 25. Ili hilo litimie, wastani lazima upandishwe juu. Kwa kiasi gani? Hapo unauliza mtawanyiko, ile namba inayosema vipimo hutangatanga umbali gani kutoka wastani, na vitabu huuita mkengeuko sanifu. Matokeo ya zege kwa kawaida hujipanga kwa umbo la kengele, mengi katikati na machache pembeni, na katika umbo hilo asilimia 5 ya chini kabisa huanzia mkengeuko 1.64 chini ya wastani. Mkengeuko ukiwa megapaskali 4, wastani wa kulenga ni 25 kuongeza 1.64 mara 4, yaani 31.6.

Sasa fikiria saiti ambako mchanga unapimwa kwa karai, leo limejaa hadi kufurika, kesho limepungua, na maji yanamiminwa kwa macho. Mkengeuko unapanda hadi 6. Wastani wa kulenga unakuwa 34.8. Zile megapaskali 3.2 za ziada zinalipwa kwa mifuko ya saruji, katika kila mita ya ujazo, jengo zima. Nawasihi sana vijana waone hapo: sanduku la mbao la kupimia, lenye ujazo mmoja siku zote, linaokoa fedha bila kuongeza chochote kwenye zege. Linapunguza kutangatanga tu.

Na mchemraba mmoja ukishuka chini ya 25, je, tubomoe? Kila mmoja una uwezekano wa 0.05 wa kushuka hata kazi ikiwa sahihi kabisa. Ukiponda 30 isiyotegemeana, uwezekano kwamba hakuna hata mmoja unaoshuka ni 0.95 kuzidishwa mara 30, kama 0.21. Kwa hiyo karibu mara 79 katika 100 utauona angalau mmoja ukishuka kwenye kazi nzuri tu. Ukiwaona watano wakishuka, hiyo ni habari nyingine, ita wakubwa zako. Huo mmoja, chunguza ulivyojazwa na kutunzwa kabla hujamfukuza fundi.

Ninamalizia na maji, maana Arusha ni mji wa makorongo. Themi, Naura na Burka zinapita katikati yetu, na makorongo ambayo yamekauka miezi mingi hugeuka mito kwa saa moja mvua ikipiga juu mlimani. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji pembezoni mwa jiji, na watoto wakafa. Siwezi kufundisha hesabu inayofuata bila kuwakumbuka.

Tuchukulie karavati limesanifiwa kwa kile kinachoitwa mafuriko ya miaka 100. Jina hili limewadanganya watu wengi, wakiwamo wanaoidhinisha bajeti. Wanasikia kwamba yakija mwaka huu, tutapumzika miaka 99. Hapana. Maana yake ni kwamba kila mwaka, peke yake, una uwezekano wa 1 katika 100 wa kuleta mafuriko makubwa kufikia au kupita hayo. Mwaka unaofuata hauna kumbukumbu.

Asili ya ile 1 katika 100 ni mwaka mmoja. Lakini karavati halikai mwaka mmoja. Likikaa miaka 50, uwezekano wa kuponea mwaka mmoja ni 0.99, na wa kuponea yote 50 ni 0.99 kuzidishwa mara 50, ambayo ni 0.605. Kwa hiyo uwezekano wa kupitwa angalau mara moja katika uhai wake ni 0.395. Manne katika kila makaravati kumi! Watu wakiambiwa 1 katika 100 hutulia. Wakiambiwa 4 katika 10 huinuka kwenye viti. Ni karavati lilelile. Na hesabu hiyo bado imechukulia kwamba miaka haitegemeani na kwamba ile 1 katika 100 haisogei, wakati huko juu miti inakatwa, mapaa na lami vinaongezeka, na maji yanashuka kwa kasi kuliko yale yaliyopimwa zamani.

Binti alipokuwa anafunga daftari, mvua imepungua, alikumbuka kitu. Rafiki yake wa ujenzi ana kijitabu cha matetemeko ya ardhi, na kanuni za Ulaya zilizomo zinataja tetemeko la miaka 475. Kwa nini 475, si 500? Nilimwambia akokotoe kinyumenyume. Wakubwa waliamua kwanza watakubali hatari gani katika uhai wa jengo: 10 katika 100, ndani ya miaka 50. Kuponea miaka 50 basi ni 0.9. Tafuta uwezekano wa mwaka mmoja ambao ukizidishwa mara 50 unatoa hiyo. Akashika kikokotoo, akapiga logi, akagawa kwa 50, akageuza. Kuponea mwaka mmoja: 0.9979, hivyo hatari ya mwaka mmoja: 0.0021. Moja gawa kwa hiyo, bila kukata desimali: 475.

Akaandika namba hiyo pembeni mwa ukurasa wenye mkasi, na chini yake, bila kuambiwa: hatari 10 katika 100, katika miaka 50.